Vadivu na Uzi wa Manjano

Kodambakkam nzima, kule Madrasi kwenye studio za filamu, walimjua Vadivu. Alianza kwa kupiga pasi sari, akajifunza kuzikunja na kuzifunga, mpaka waigizaji wakawa wanasema sari ya Vadivu haifunguki hata ukicheza mvuani. Jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye filamu hata moja. "Mungu amelisoma," alisema, akaendelea na kazi.

Ila tangu mumewe afariki, jambo moja aliliacha. Kidani cha ndoa, kile mke anachovaa shingoni kwenye uzi wa manjano na kuvuliwa akifiwa na mume, hata cha maigizo, hakukigusa tena. Kwao mkono wa mjane kwenye kidani ni nuksi. Akishamvika bibi harusi alirudi nyuma, Kamalam msusi akamalizia.

Siku moja ilikuwa zamu ya kuigiza ujane. Malarvizhi, mwigizaji mwenyewe, alikuwa mke wa mtu, na shingo ilitakiwa ionekane tupu. Akagoma.

"Sivui! Mume wangu kesho anapasuliwa, leo nivue kidani chake? Tafuteni mwingine."

"Dada yangu," mwongozaji, Ilango, akamsihi, "shingo ndiyo habari yenyewe."

"Basi piga picha ya kwako!"

Watu wakaangua kicheko. Lakini jua lilikuwa linashuka, na nyumba waliyoazimwa ya kupigia picha mwisho wake ni jioni ile.

Vadivu akasogea taratibu. "Mwanangu, kisivuliwe. Kishushwe."

"Kishushwe vipi, mama?"

"Si ndivyo tunavyobadilisha uzi? Unafunga mpya kwanza, kidani kinahamia, ndipo wa zamani unatoka. Sasa huo mpya tuufanye mrefu. Upitishe mkono huu ndani ya uzi, na huu, kiteremke mpaka kiunoni, chini ya sari. Mwilini hakitoki."

Malarvizhi akapumua. "Nifunge basi."

"Mimi? Hapana. Kamalam!"

Kamalam alishafika, mkono mbele. "Lete uzi, dada. Usije ukamtia mtu mkosi bure."

"Mkosi gani?" Malarvizhi akageuka. "Siku ya harusi yangu ya kweli, sari nilifungwa na nani? Si huyu? Na nimekaa na bwana wangu vizuri mpaka leo. Mama, nataka mikono yako."

Vadivu akaupaka uzi manjano mabichi. Akasema dua chinichini, akafunga fundo la kwanza, la pili, na la tatu akalikaza.

Picha ilipigwa mara moja tu. Shingo tupu, na machozi ya kweli. Hata mafundi wa taa walijifuta macho.

Mume wa Malarvizhi alirudi nyumbani mzima, Mungu ashukuriwe. Lakini Vadivu hakungoja habari hiyo ndipo ainue kichwa. Alishakiinua tangu jioni ile. Filamu iliyofuata, bibi harusi alipokwisha kuvikwa, Vadivu hakurudi nyuma. Kamalam alikaa na kitana chake mkononi, akasema, "Haya, malizia mwenyewe, dada. Mafundo yangu mimi yanalegea."