Printa ya Wino Nane

Mtaani wananiita Jicho. Wateja wa studio yetu ndio walionipa jina hilo, nami nimelibeba miaka kumi na tisa bila haya. Ukweli ni kwamba tangu utotoni sitofautishi nyekundu na kijani. Picha napiga mimi. Rangi huweka mke wangu, kwenye kompyuta nyuma ya pazia. Mteja akiuliza nani kaipendezesha picha hivi, mimi hukohoa kidogo na kusema, "Kazi tu, ndugu yangu." Hata hilo pazia nililitundika mimi.

Printa yetu ya zamani ilipokufa, tukaamua kununua kubwa, ya karatasi pana, itoe picha za ukutani pamoja na mabango, vibandiko na kadi za kila siku. Mke wangu alisoma habari za mashine hizo wiki tatu nzima, akajaza daftari. Mimi nilitazama picha za mashine zenyewe, nikatosheka.

Dukani zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa ya wino nne, ya haraka, nzuri kwa mabango. Ya pili ya wino nane, mwendo wake wa pole, lakini ngozi ya mtu huitoa kama ilivyo na picha haipauki upesi. Muuzaji, binti mwenye miwani, akachomeka flashi yetu ya picha, akachapa picha moja kwenye mashine zote mbili: baba mkwe wangu, amevaa shati jeupe, anacheka.

Akazilaza mezani. Wateja wawili wakasogea.

"Haya mzee, ipi?" binti akaniuliza.

Ningeweza kumtazama mke wangu kama siku zote. Lakini kulikuwa na watu, kichwa kikanivimba. Nikainyanyua ya kushoto, nikamwaga maneno.

"Hii ndiyo ngozi ya mtu mwenye afya. Hiyo nyingine imeungua!"

Mteja mmoja akasema, "Afya gani, mzee? Mbona mtu mwenyewe wa kijani kama kinyonga?" Wakaangua kicheko.

Sikujua niuweke wapi uso wangu. Na aliyegeuzwa kinyonga ni baba yake mke wangu, mbele ya macho yake.

"Mnamwonea bure," mke wangu akasema. "Mimi ndiye niliyemnong'oneza ya kushoto. Macho yangu siku hizi yananichanganyia rangi, naye hapendi kuniaibisha."

Uongo mtupu, wala hakupepesa. Yule binti akaingiwa na huruma, akamshika mkono na kuupitisha taratibu juu ya karatasi. "Hapa shavuni, mama, unaona? Hii ina wekundu. Hii haina." Mke wangu akaitikia, "Ahaa. Asante, mwanangu." Neno langu moja lingetosha. Nikatazama dari. Tukachukua ya wino nane.

Njiani, nyuma ya pikapu, nikamwambia, "Umenisitiri, mama watoto."

"Shika mashine isianguke," akajibu.

Binti alipokuja kutufungia printa, akawasimulia majirani kwa nia njema kabisa. Habari ikazagaa: mama wa studio macho yamemwisha. Nikaisikia, nikajitia hamnazo.

Wiki iliyopita nesi mmoja alileta picha ya marehemu dada yake ikuzwe. Akamkuta mke wangu kwenye kompyuta.

"Samahani, shoga yangu," akasema. "Rangi mwachie Jicho mwenyewe. Picha yake ninayo hii moja tu."

Mke wangu akainuka. Nikakaa kwenye kiti chake, bado kina joto lake. Uso wa marehemu umejaa kwenye kioo cha kompyuta, nami sijui pa kuanzia. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikajikaza kisabuni.

"Dada, mwenye macho mabovu ni mimi. Sijawahi kuweka rangi hata siku moja. Kazi yote ni yake."

Nesi akanitazama, machozi yakamlengalenga. Kisha akamgeukia mke wangu.

"Mume wa kukubebea aibu yako namna hii, ulimtoa wapi?"

Nikaapa. Nikaapa tena. Kila nilivyoapa ndivyo alivyozidi kunisifu. Mke wangu alicheka kidogo, akatazama pembeni. Nesi akavuta kiti, akakaa kando yangu, akaniambia nianze.