Shingo Yangu Kwenye Taya la Papa

Chekeni mapema tumalize, maana aibu hii sikusingiziwa, niliitafuta mwenyewe.

Siku hiyo mama yake Deo, mchumba wangu, alikuwa anashuka kutoka Matombo kuja kuniona kwa mara ya kwanza, na mimi kwa akili zangu nyingi nikaona badala ya kumsubiri juani pale stendi ya Msamvu pamoja na Deo, niingie duka la jirani linalouza vipepeo waliokaushwa, makombe, mawe ya kung'aa na mifupa ya wanyama (ubaridi wa feni ulinivuta, si elimu). Kwenye meza kulikuwa na taya la papa limeachama, meno yote yapo, nikampa mwenye duka simu anipige picha nimeingiza kichwa humo.

"Dada, hayo meno yameelekea ndani," akasema. "Kuingia utaingia."

Mwenye busara angeuliza habari za kutoka. Mimi nikatabasamu.

Picha ilitoka nzuri sana. Mimi sikutoka. Kila nikivuta meno yananichoma chini ya kidevu, mwenye duka ananisihi nisimvunjie taya lake (shingo yangu, nadhani, haikuwa ya kuuzwa), bodaboda wamejaa mlangoni wanarekodi, na hapo simu ikaita.

"Mama ameshashuka, uko wapi?"

"Duka la vipepeo. Nimebanwa kidogo."

Deo akadhani nina shughuli, akamleta mama yake hukohuko.

Nikamwamkia shikamoo nikiwa wima kama mlingoti, kwani kuinama hakukuwezekana. "Marahaba," akajibu, akanitazama, akamtazama mwanawe. "Ndiye huyu?" Deo akakubali, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa polisi.

Mama akatua mkungu wake wa ndizi, akafungua kanga ya kiunoni, akaipenyeza taratibu kati ya meno na ngozi yangu mpaka meno yote yakafunikwa, kisha akaniambia nilegee, akavuta. Nikatoka salama. Wigi likabaki kwa papa.

Nikasimama mbele ya mama mkwe mtarajiwa na mabutu yangu matatu, bodaboda wakishangilia.

"Umekula, mwanangu?" akauliza. "Maana naona wewe umeponea chupuchupu kuliwa."

Deo alinioa, tena mama ndiye aliyesisitiza, akisema mtoto huyu akiachwa peke yake hatafika mbali. Siku hizi nikiingia duka lolote nashika mikono nyuma, na mtu akiniambia "kuingia utaingia", nageuza njia.