Ramani Niliyoipiga Vanishi Mapema

Siku yangu ya kwanza ya kazi, katika karakana ya misheni Rulenge, Bruda mkuu wa karakana alinipa brashi kavu. Si rangi, brashi kavu. Akanionyesha ukuta, akasema, "Andika herufi A mpaka nikuambie acha." Niliandika A kwa brashi isiyo na rangi tangu asubuhi hadi kengele ya chakula, na ukuta ukabaki mweupe kama nilivyoukuta. Wenzangu wawili tulioanza nao walicheka, wakaondoka, hawakurudi. Mimi nilibaki. Ndiyo maana leo mimi ndiye ninayewasimulia, si wao.

Niseme mapema, vijana wangu: sikupita darasa la nne. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini, ukitoka Ngara mjini mpaka Nyakanazi, ukaenda hadi Biharamulo, kibao kizuri ukikiona ujue kimepita mkononi mwangu. Cha zahanati, cha shule, cha gesti, cha bwana mifugo, mpaka milango ya malori. Wenye vyeti vyao walikuja kunipigia hodi mimi.

Kazi ya vibao siku hizo ilikuwa kazi. Ubao unapigwa msasa, unapakwa rangi ya kwanza, ile ya kuziba vinyweleo vya mbao. Kisha unapiga uzi: unaupaka chaki, unauvuta pande mbili, unauachia, pa! Mstari umenyooka kuliko wa rula. Picha kubwa tuliikuza kwa miraba, yaani unaigawa picha ndogo kwa vyumba vidogo, unaugawa ubao kwa vyumba vikubwa, halafu unahamisha chumba kimoja kimoja. Mwisho kabisa ni vanishi, ile rangi ya kung'arisha isiyo na rangi, inayozuia mvua na vumbi.

Kabla ya vanishi, Bruda alikuwa na amri moja aliyoiita kusomewa.

"Wewe husomi, unachora herufi," aliniambia, bila kunionea haya. "Basi kazi ikiisha muite mwenye kibao. Aweke kidole kwenye herufi ya kwanza, asome kwa sauti mpaka ya mwisho. Wewe nyamaza, sikiliza."

"Na kama mwenye kibao naye hajui kusoma, Bruda?"

"Tafuta atakayekisomea. Usipake vanishi mpaka usomewe."

Niliichukia amri ile, ila iliniokoa. Wiki ya pili tu niliandika kibao cha hospitali nikaruka herufi tatu za katikati, na bibi mpishi wa masista ndiye aliyeligundua kosa kwa kidole chake chenye unga. Nikafuta, nikaandika upya. Hakuna mwingine aliyejua.

Kutoka Rulenge nilichukuliwa na Afisa Ujenzi wa wilaya, Ngara mjini pale kilimani, nikaandika milango ya ofisi zote. Ndipo wakimbizi wakaja. Ninyi mmesikia tu. Mimi niliona barabara ikijaa watu wa Burundi, magodoro kichwani, mbuzi, watoto, na vilima vya mihogo na nyasi vikageuka mji wa mahema. Mji ule ulihitaji vibao kuliko mji wowote niliopata kuuona: namba za vitongoji, maji ya kunywa, choo cha wanawake, zahanati, shule. Mratibu wa Elimu wa kambi, mtu mrefu mwenye kalamu tatu mfukoni, aliniita akaniambia, "Fundi, nasikia wewe ndiye."

"Ndiye," nikajibu.

Nikahamia huko. Watu walisimama kunitazama nikipiga uzi. Kihangaza changu na Kirundi chao vinaelewana kama majirani, kwa hiyo nilisikia kila sifa. Na sifa zile zikanilewesha. Nikaacha kusomewa. Nilijiambia kwamba macho yangu yanatosha, na kwamba mtu mkubwa kama mimi hawezi kumuita kila mtu aje amwekee kidole kwenye kazi yake.

Katika shule ya kambi alikuwepo mwalimu aliyeitwa Severini, mkimbizi kama wanafunzi wake, mpole, kola yake imegeuzwa nje ndani ili idumu. Siku moja aliwaambia darasa lake la wakubwa, mimi nikiwa dirishani napaka fremu: "Kila siku wanakuja watu kutuuliza na kutuandika. Sasa na sisi tuwaandike watu. Mtafanya utafiti."

Utafiti wenyewe ulikuwa juu ya nchi zinazosema Kihispania. Sababu ilikuwa muuguzi wa zahanati, mama mfupi wa kutoka Meksiko ambaye watoto walimwita Mama Sindano, na pia wageni wa lugha hiyo waliotarajiwa kuja kutembelea shule. Kila kundi lilivuta karatasi kwenye kofia ya mwalimu, likapata nchi yake. Vijana wa mpira waliovuta Argentina walirukaruka mpaka benchi likavunjika.

"Argentina yetu!"

"Yenu? Kwani baba yako kazaliwa huko?"

Vitabu havikuwepo, ila atlasi moja ya Kifaransa iliyochanika. Kwa hiyo waliulizia kwa watu. Walimsubiri Mama Sindano nje ya zahanati na madaftari yao. Kundi la Meksiko likarudi na habari kwamba huko mahindi wanayachemsha na chokaa, ndipo wayasage.

"Chokaa hii ya ukuta?" akauliza mmoja.

"Hiyohiyo, amesema."

"Basi matumbo yao yamepigwa plasta!"

Darasa lilianguka kwa kicheko, na mimi nikapotosha mstari wa fremu.

Karatasi ya mwisho kofiani ilimwangukia Spesi, msichana wa miaka kama kumi na mitano, na wenzake wawili. Iliandikwa Guinea ya Ikweta. Wenzao waliwatania kwamba wamepewa nchi iliyobaki baada ya Mungu kunawa mikono. Mama Sindano mwenyewe hakuijua vizuri. Spesi akaandika barua kwa padri mzee wa Rulenge, akaituma kwa gari la misheni, na baada ya wiki mbili akajibiwa kurasa mbili zilizojaa. Nilimwona akizisoma amesimama jikoni kwao, ugali unaungua.

Jambo hili halikuwa mchezo wa watoto. Mratibu alikuwa ametangaza kwamba nafasi moja imepatikana katika shule ya sekondari nje ya kambi, ya bweni. Siku ya wageni kila kundi litasimama mbele ya ramani, lionyeshe nchi yake kwa fimbo na kuieleza, na atakayeeleza vizuri kuliko wote ndiye atakayekwenda. Ndani ya kambi masomo yalikuwa yanaishia pale. Kila mzazi alilijua hilo.

Ramani nilipewa mimi. Turubai zito la lori, la kitambaa. Mwalimu Severini alinipa atlasi, na karatasi yenye orodha ya nchi za kupaka rangi nyekundu. Nikagawa miraba, nikahamisha pwani zote, Amerika upande wa kushoto, Hispania juu, Afrika kona ya chini kulia. Bahari niliipaka buluu iliyokuwa ikimeremeta. Watu walitoka vitongoji vya mbali kuitazama.

Nilipofika mwisho wa orodha nikakuta Guinea ya Ikweta. Nikacheka peke yangu. Kihispania Afrika? Mimi nilijua Afrika kuna Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Ukurasa wa Afrika kwenye atlasi ulikuwa umechanika hapohapo. Nikaona mwalimu kakosea, na badala ya kwenda kumuuliza, hatua hamsini tu, nikaipaka Afrika yote kahawia, kipande kimoja. Sikumwita mtu anisomee. Nikapiga vanishi.

Kesho yake, wageni wakiwa wa kuja siku inayofuata, Spesi akaja.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umekuja kuishangaa?"

"Ni nzuri sana, fundi." Akaizunguka, akasimama kwenye kona ya Afrika. "Nchi yetu haipo."

"Ipi?"

"Guinea ya Ikweta. Inakaa hapa, kwenye kwapa la Afrika. Mji mkuu wake hauko bara, uko kisiwani, hapa baharini. Padri ameniandikia. Ni mraba mdogo tu, fundi, na nukta moja."

Watu watano sita walikuwa wamesimama, wanasikiliza. Mmoja akacheka, "Fundi amepitiwa leo!" Nilihisi masikio yakiwaka. Mtoto wa shule ananisahihisha mbele ya watu.

"Ramani imeshapigwa vanishi," nikamwambia. "Kazi ikishapigwa vanishi haiguswi."

Mwalimu Severini alikuja, akaja na Mratibu. Mratibu akaniuliza mbele yao wote, "Fundi, inaweza kurekebishwa kabla ya kesho?"

Vijana wangu, ilitakiwa tu kitambaa chenye thina kidogo, ile ya kuyeyushia rangi, brashi nambari mbili, na saa moja. Hata saa moja ni nyingi. Nikasema, "Haiwezekani, Mheshimiwa. Nikiifungua itaharibika yote. Inataka siku nne kukauka."

Mratibu akafumba daftari lake. "Basi kundi ambalo nchi yake haipo kwenye ramani lisisimame. Tusiwachanganye wageni. Hao watatu watasaidia kushika turubai."

Spesi hakulia. Alinitazama tu, kisha akasema, "Asante, fundi," kwa adabu ileile ya shikamoo yake.

Siku ya wageni kulikuwa na upepo. Turubai lilitundikwa kwenye nguzo mbili likawa linatunishwa kama shavu, kwa hiyo wale watatu walishika kona. Spesi alipewa kona ya chini kulia. Makundi yakapita moja moja na fimbo. Wageni walicheka kwenye ile ya chokaa, Mama Sindano akapiga makofi kuliko wote. Kisha mgeni mmoja mama mzee akauliza jambo, na mkalimani akalitafsiri: "Anauliza, hapa kwetu Afrika je, hakuna nchi inayosema Kihispania?"

Mratibu aliitazama ramani yangu. Afrika ilikuwa kahawia tupu. "Hakuna," akasema. Mwalimu Severini akafungua mdomo, Mratibu akamwangalia, mdomo ukafungwa. Na mimi nilikuwa nimesimama palepale mbele, na shati jipya, nikingoja kutambulishwa kwa wageni kuwa ndiye mchoraji. Nikatambulishwa. Nikapigiwa makofi.

Nafasi ilikwenda kwa kijana wa kundi la Argentina. Alistahili, simlaumu. Spesi nilimwona mara chache baada ya hapo, akichota maji, na mara zote nilipata sababu ya kuinamia kopo langu la rangi. Baadaye watu walianza kurudishwa kwao kwa malori, na siku moja nikasikia kitongoji chao kimeondoka. Sikwenda kumuaga.

Nilihamia Biharamulo, kisha Nyakanazi, nikaandika malori na gesti mpaka jina langu likajulikana kwa madereva wa mbali. Nilijenga nyumba ya matofali kwa brashi. Halafu zikaja mashine za kuchapa mabango, na macho yangu yakaanza kuona mistari miwili palipo na mmoja. Sijazeeka sana; macho ndiyo yaliyostaafu kabla yangu.

Mwaka niliofunga kazi, pale Nyakanazi, nilikaa kula kwa mama mmoja wa chakula. Nikainua kichwa. Juu yangu, paa la kibanda chake, ilikuwa bahari yangu ya buluu. Turubai lile alilipata kwa watu waliobomoa kambi, akaniambia. Nilimletea turubai jipya, naye akanishangaa kama mwehu, akanipa lile kuukuu.

Nyumbani nikalitandaza uani, nikalisafisha kwa kitambaa. Vanishi yangu ilikuwa bado inang'aa kwa sehemu kubwa. Kazi yangu hiyo. Kwenye kona ya chini kulia nikakuta mkwaruzo. Mraba mdogo, umekwaruzwa kwa pini au msumari, umepita vanishi, umepita kahawia, mpaka kwenye kitambaa. Pembeni yake, baharini, nukta moja. Na chini ya nukta, jina la nchi yake kwa herufi ndogo ndogo zilizonyooka kuliko zangu. Ile ndiyo kona aliyoishika Spesi, wenzake wakizungumza mbele.

Nilifungua kopo la rangi nyekundu siku hiyo. Nilichovya brashi. Kisha nikaona kwamba mkono mmoja wa rangi utafunika alichokiandika, nikaifuta brashi nikaiweka.

Turubai liko sebuleni kwangu. Wageni huniuliza, "Fundi mzima kama wewe, mbona umeacha mkwaruzo?" Namwambia anayeuliza asogee, aweke kidole kwenye herufi ya kwanza, asome kwa sauti mpaka ya mwisho. Mimi nanyamaza, nasikiliza.