Lami Chini ya Pikapu

Kila baba alipotoa upepo kwenye breki za pikapu yetu, yeye alilala chini ya gari na mama akakaa kwenye usukani. Kwa kuwa hawakuonana, waliongea kwa spana. Baba akigonga chuma mara mbili, mama anakanyaga. Akigonga mara moja, anaachia. "Haya, nimesikia," mama alijibu kila mara, ingawa kule chini hakuna aliyemsikia.

Baba alifariki wakati wa mvua. Kiangazi kilipofika, pikapu ikaanza kugonga yenyewe.

Mama alikuwa akipeleka viazi Iringa, mimi nikiwa pembeni yake. Tukishaiacha Mbeya, chini ya miguu yetu inagonga: ko, ko. Mama anakanyaga breki. "Haya, nimesikia," anasema, bila kunitazama, na malori nyuma yetu yanapiga honi. Nywele zilinisimama, kisha nikakasirika. Mimi nikiogopa huwa nafoka.

"Mama, hicho ni chuma kibovu!"

"Chuma kibovu kinaijuaje kona kabla hatujafika?"

Kweli, mara nyingi iligonga tukikaribia kona.

Nilitaka kukagua, lakini chini ya gari kote kulikuwa na lami. Baba aliichemsha na oili chafu, akaipaka kwa mikono yake kuanzia springi mpaka ile mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele. Alisema matope ya kwetu yanakula chuma. Ilikuwa nene kiasi kwamba huoni nati wala ufa, na mama hakutaka iguswe.

"Hiyo ni kazi ya baba yako. Usiibandue."

Siku moja alikwenda msibani Mbalizi. Nikachukua bisibisi, brashi ya waya na kopo la mafuta ya taa, nikaingia chini ya gari. Lami ilibanduka vipande vipande, ikinuka kama baba akirudi kutoka gereji. Kwenye mkono wa gurudumu la kushoto nikakuta alama za vidole vyake vinne, zimekauka hivyo hivyo. Nikaweka vyangu, vikaingia sawasawa. Nililia pale chini, halafu nikakwangua.

Chini ya vidole vile kulikuwa na kiungo cha gurudumu. Baba alipaka hata raba ya kiungo hicho, na ile oili ikaiozesha. Nilipokishika kilicheza mkononi kama jino la mtoto. Siku tungekimbia, gurudumu lingeng'oka. Tulikuwa hai kwa sababu mama alipunguza mwendo kila kilipogonga. Nililijua hilo nikiwa nimelala mahali alipolala baba.

Nikafunga kiungo kipya. Mama aliporudi nilimpa kile kibovu akione mwenyewe. Alikizungusha kiganjani.

"Kwa hiyo umemnyamazisha," akasema.

Safari iliyofuata hakukuwa na sauti yoyote, na mama akakimbiza. Sijawahi kumwona anaendesha vile. Tulipita Mafinga viazi vikiruka nyuma, machozi yakimtiririka, mwendo haupungui.

"Mama, punguza!"

"Sijasikia kitu."

Mbele mteremko ulianza, na chini yake kona, na lori linapanda. Nikamshika bega, akaukung'uta mkono wangu. Nikainama, nikagonga sakafu ya gari kwa kifundo cha kidole. Ko, ko.

Mguu wake ulikwenda kwenye breki papo hapo.

"Haya, nimesikia," akasema, kwa sauti ile ya zamani.

Tuliipita kona taratibu, lori likatupita. Mama hakuinua mguu. Gari likazidi kupungua mpaka likakaribia kusimama katikati ya barabara. Mimi nilikuwa nimeshakaa wima, mikono yote miwili juu ya magoti.

Ndipo chini ya miguu yetu ikagonga mara moja, na mama akaachia.