Mahindi Kando ya Reli

Nilipomaliza chuo pale Kibabii nilirudi kwetu Tuwan, mtaa wa Kitale, na cheti, begi la vitabu na tabia ya kumuuliza kila mtu kwa nini. Mama alinivumilia. Kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine, msimu ule alinipa ya kuanika mahindi stesheni.

Reli inaishia Kitale. Msimu ule sikuona treni hata mara moja, lakini jukwaa la stesheni ni la saruji, pana, na linapata jua tangu asubuhi. Mahindi yakishapukuchuliwa, akina mama wa mitaa ya karibu huyapeleka pale. Utaratibu wao haujaandikwa popote: anayefagia sehemu alfajiri ndiye mwenye sehemu hiyo mpaka jioni. Ukichelewa, unarudi na magunia yako.

Mimi nilichelewa. Mvua ilikuwa imenyesha siku nne mfululizo, na ukitia mkono ndani ya magunia yetu ulisikia joto. Mwaka uliotangulia nusu ya mahindi iliingia ukungu tukaitupa, tukawa watu wa kununua unga dukani. Haya ya msimu ule ndiyo yangetulisha mpaka mavuno mengine. Mama alinitaka niwe stesheni kabla ya saa kumi na mbili. Nilifika saa tatu, na mkokoteni umejaa. Jukwaa lote lilikuwa limeshafunikwa.

Nikatazama chini. Kati ya reli na ukingo wa jukwaa palikuwa na ardhi tambarare, tupu kabisa, jua linaiwakia.

"Hapo hatuanikangi," akasema mama mmoja kutoka juu. Alikuwa mzaliwa wa Misikhu aliyeolewa Kitale, na hakuna aliyewahi kumtangulia kufika.

"Kwa nini?"

"Hapo ni pa leri. Wacha tu."

"Treni mliiona lini, mama?"

Jirani yake akacheka. "Profesa ameanza! Mwache bana, si ako na digrii."

"Nauliza tu. Ati mnaogopa treni ambayo haiko?"

Yule wa Misikhu alinitazama kidogo, kisha akaendelea kugeuza mahindi yake kwa mguu. "Haya. Anika."

Nilidhani nimeshinda. Nikatandika magunia matupu, nikamwaga mahindi, nikakaa kando na kitabu. Kufikia jioni ya pili yalikuwa yamekauka sana, ukiuma punje inalia. Mama alikuja kuangalia. Akauma moja, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akauma nyingine. Halafu akainua konzi zima puani.

"Mbona yananuka gari?"

Tulifunua magunia. Chini yake palikuwa peusi, panang'aa. Hapo kando ndipo injini zilipokuwa zikisimama enzi za treni, zikidondosha mafuta, na jua likipachoma mafuta yanapanda.

Mama hakunigombeza. Alimgeukia yule wa Misikhu. "Hamkumwambia?"

"Tulimwambia hapo hatuanikangi, mama. Yeye akatuuliza kama tunaogopa treni."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mpaka leo naona yule wa Misikhu angeweza kunieleza, maana niliuliza. Ila nikikumbuka vizuri, sikungoja jibu.

Kesho yake nilifika saa kumi na moja na ufagio. Yule mama alikuwa ameshafika. Alikuwa amefagia sehemu yake, na pembeni akafagia ukanda mwembamba ambao hakuumwagia kitu.

"Leta yaliyokuwa juu," akaniambia. "Yaliyogusa magunia chini weka kando kwanza."

Wengine walipofika waliuona ule ukanda, wakamwaga mahindi yao na kuyasukuma kwa miguu bila kuambiwa, kila mmoja akatoa kama hatua moja. Mama na mimi tulichota konzi baada ya konzi, tukinusa. Niliyageuza siku tatu ili harufu iondoke, jua likitoka na likijificha. Hakuna aliyeniita profesa. Hilo lilinisumbua kuliko kuitwa.

Siku ya nne mama alipeleka mkebe mmoja kusagwa kwenye posho mill, akapika ugali mdogo bila mboga yoyote. Akanikatia tonge la kwanza.

"Unasikia nini?"

Nilitafuna taratibu. "Mahindi."

Hakuniamini. Alikata lake, akatafuna huku amefumba macho, akarudia tena. Kisha akanawa mikono na kuniambia niyapange magunia stoo, nisiyaegemeze ukutani.

Gunia moja tu, la mahindi ya chini kabisa, halikupona. Mama alimpa jirani anayefuga nguruwe, na akamweleza harufu ile imetoka wapi. Jioni mama alirudi kutoka kwa jirani na gunia tupu, akalikunja polepole mbele yangu.

"Wamekula yote," akasema. "Na hawajauliza swali hata moja."