Friji ya Mtu Mmoja

Ofisini walimwita Masjala. Kuanzia mkurugenzi hadi mlinzi wa getini, hakuna aliyemwita vinginevyo, kwa sababu kwa miaka kumi na tisa alikuwa amekaa kwenye kile chumba cha mafaili na hakuna faili hata moja lililowahi kumpotea. Siku ya tisa baada ya kumzika mama yake alirudi kazini. Watu walimpa pole, akaitikia "nimeshapoa", akafungua dirisha, akaanza kupanga barua.

Hakulia. Alijisikia kama mguu uliokufa ganzi: unaukanyagia, unakubeba, lakini huusikii. Alikula kwa sababu saa ya kula ilifika. Wenzake wakicheka, naye alicheka, akichelewa kidogo.

Mama aliugua sukari miaka kumi na moja, na miaka yote hiyo friji ya nyumbani ilikuwa ya insulini kwanza, ya chakula baadaye. Ilikuwa dude la milango miwili ambalo kaka yake alilinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Mota yake ilinguruma kutwa. Mpira wa mlango ulikuwa umelegea, kwa hiyo mlango uliegemezewa kiti. Umeme ukikatika, Masjala ndiye aliyekuwa akitoka mbio kwenda kutafuta barafu.

Sasa mama hakuwepo, na friji bado ilinguruma. Wiki ya sita alinunua umeme Jumatatu. Ijumaa mita ikaanza kulia kwamba uniti zinakwisha. Alimtajia kaka yake hivyo kwenye simu, bila kukusudia lolote.

"Hiyo friji inakula umeme kama karakana," kaka akasema. "Ibadilishe."

"Bado inafanya kazi."

"Inamfanyia kazi nani?"

Kaka akakohoa. "Nisamehe, dada. Ulimi umeteleza."

"Hujakosea. Haijaniuma."

Na kweli haikumuuma, na hilo ndilo lililomtia hofu kidogo.

Alipokata simu alichana ukanda wa karatasi, akaubana kwenye mlango wa friji, akauvuta. Ulitoka bila kushikwa popote. Akajaribu juu, katikati na chini, kote vilevile. Baridi ilikuwa ikivuja, na mota ilikuwa ikihangaika kuirudisha, mchana na usiku. Akaitupa karatasi kwenye ndoo ya taka, akaenda kufua.

Jumamosi dereva wa ofisi alimpeleka dukani. Alikuwa mtu mzima, mchekeshaji, na ndiye aliyeendesha gari siku ya mazishi. "Leo nakupeleka kuposa, Masjala," alisema. "Ila mchumba mwenyewe ni wa baridi." Masjala alitabasamu kwa midomo tu.

Muuzaji, dada mmoja mwenye kalamu sikioni, aliwapokea kwa bashasha. "Karibu, mama. Nyumbani mko wangapi?"

"Wawili." Neno lilijitokea lenyewe. "Samahani. Mmoja."

Dereva aligeukia mashine za kufulia, akaanza kusoma bei zisizomhusu.

"Na ni ya matumizi gani? Biashara, dawa, au chakula tu?"

Miaka kumi na moja alikuwa akilijibu swali hilo kabla hata hajaulizwa. "Maziwa," alisema. "Na mboga. Na maji ya kunywa."

Muuzaji alimpeleka kwenye friji ndefu inayong'aa. "Chukua hii, mama. Nyota tano! Kwa kubana matumizi ya umeme hakuna kama hii."

Masjala alivaa miwani, akachuchumaa mbele ya lebo ya umeme iliyobandikwa mlangoni, akaisoma hadi mstari wa mwisho. Akasogea kwenye friji fupi ya pembeni, ya nyota nne, akasoma yake pia.

"Hii ya nyota tano inakula uniti mia nne na kumi kwa mwaka," alisema. "Hii fupi, mia moja na ishirini."

"Lakini ile imeizidi nyota."

"Nyota zinalinganisha friji za ukubwa mmoja. Imeandikwa hapa chini."

Muuzaji aliinama, akasoma, akacheka mwenyewe. "Miaka miwili nauza hizi, sijawahi kufika huko chini!"

"Huyo anasoma hata maandishi ya mgongoni mwa kiberiti," dereva akasema kutoka kwenye mashine za kufulia.

Masjala aliuliza kama mota ya hiyo fupi ni ile inayopunguza mwendo badala ya kuzima na kuwaka kila mara. Ndiyo. Mpira wa mlango ukichakaa, unapatikana? Unapatikana. Akafungua mlango. Upande wa ndani palikuwa na kisanduku cheupe chenye kifuniko.

"Hapo ni pa dawa," muuzaji alisema kwa fahari.

"Kinatoka?"

"Nini, mama?"

"Hicho kisanduku. Kinatoka?"

"Kinatoka, lakini siku moja utakihitaji."

"Basi kitoe."

Hakupandisha sauti. Muuzaji alimtazama, akamtazama dereva, kisha akakichomoa, akakiweka juu ya kaunta. Masjala akalipa.

Kabla friji mpya haijaletwa, ilibidi aondoe vitu kwenye ile ya zamani. Nyuma ya trei ya mayai palikuwa na chupa mbili za insulini zisizofunguliwa. Hakushtuka, alijua zipo. Wiki zote sita alikuwa akinunua umeme kwa ajili ya chupa hizo. Akaziweka kwenye chupa ya chai yenye barafu, akazipeleka kliniki kwa muuguzi aliyemzoea mama.

"Hazijatoka kwenye baridi hata siku moja," alimwambia. "Mpe mwingine."

Muuguzi alitikisa kichwa taratibu. "Haturuhusiwi kugawa dawa iliyokwishatoka hapa, dada yangu. Zitateketezwa tu. Tia saini hapa."

Masjala alitia saini. Muuguzi alimshika mkono, akaushika kwa muda. Masjala aliusikia ule mkono: ulikuwa wa moto, na mkavu kwa sababu ya sabuni. Alipofika nje aliketi kwenye benchi la wagonjwa hadi wengine wote wakaondoka, kisha akarudi nyumbani kuichomoa friji.

Ile mpya aliisimamisha mbali na jiko, akaiachia nafasi ya kiganja nyuma yake ili ipumue. Alipoiwasha ilimbidi abandike sikio ndipo ajue kuwa inafanya kazi.

Jumatatu iliyofuata, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa, alichelewa kazini, akaingia saa nne. Mlinzi aliinuka kabisa kutoka kitini. "Masjala! Kuna usalama?"

"Nilipitiwa na usingizi," alisema, naye akionekana kushangaa. Aliandika saa yake kwenye daftari la mahudhurio, akaingia ndani, akaanza na barua za juu.