Tai Nyuma ya Matangi ya Maji

Shangazi yangu hupiga pasi nguo za watu. Chumba chake cha kazi kinanuka mvuke na wanga, na ukutani kuna darubini imetundikwa kwenye msumari. Siku za kazi anaangalia kola na mapindo. Jumapili anaangalia ndege. Mtaani wanamwita Mama Ndege, na anaitika.

Mumewe ni fundi redio, sote tunamwita Fundi. Tangu waoane hakuwahi kwenda naye msituni.

"Mke wangu ana mabwana wengi," huwaambia wateja, "ila wote wana mabawa, basi nalala usingizi."

Wateja hucheka. Shangazi hulowesha kidole, hugusa pasi ikalia, na kuendelea na shati.

Mwaka huu daktari alimwambia ana presha ya macho. Mbele anaona vizuri, lakini pembeni kunafungwa kidogo kidogo, kama pazia linavutwa kutoka pande zote mbili. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Shangazi akasema kabla pazia halijakutana, anamtaka ndege mmoja tu: tai mwenye kishungi, ambaye alikuwa amemwona kitabuni tu.

Haukupita muda bwana misitu akampigia simu. Tai jike wa aina hiyo ameatamia msituni, nyuma ya matangi ya maji.

"Safari hii tunakwenda wote," Fundi akasema.

Shangazi aliisahau pasi juu ya shati mpaka likaanza kunuka. "Wewe? Na viatu vyako vinavyolia hivyo?"

"Nitavipaka mafuta."

Siku zilizofuata Fundi alijifungia na mashine zake. Tulisikia mlio mkali, unakatika, unaanza upya. Tulidhani ni redio ya mteja.

Tulikwenda asubuhi. Bwana misitu alituonyesha rundo la vijiti kwenye panda ya mti mrefu, na ncha ya mkia imetokeza. Tai mwenyewe alikuwa amezama ndani.

"Dume akileta chakula, jike atanyanyuka," alinong'ona. "Kazi yetu ni kunyamaza."

Shangazi alikaa kwenye majani, darubini machoni, uso umetulia kama wa mtu aliyefika kwao. Fundi hakuweza kukaa. Alimwona mkewe akifuta macho, mara moja, mara tena. Nafikiri aliogopa kwamba macho yatachoka kabla ya ndege kunyanyuka. Akatoa kipaza sauti kidogo kwenye koti, akabonyeza.

Ulikuwa mlio uleule wa nyumbani. Ni wa tai. Alikuwa ameurekodi kwenye kipindi cha redio na kuusafisha mpaka hauna mkwaruzo.

Jike alichomoka kwa kishindo, akakata kuelekea kulia.

"Yuko wapi?" Shangazi akauliza.

"Kulia, bibie, kulia kwako."

Aligeuza darubini, lakini kulia kwake ndiko kulikofungwa zaidi. Alipopafikia palikuwa na anga tupu.

"Mzee," bwana misitu akasema taratibu, "umemwambia kuna mgeni amekuja kumnyang'anya nyumba."

Tulingoja mpaka jua likawa kali. Hakurudi. Siku chache baadaye bwana misitu akapiga simu kwamba kiota kimehamwa, yai limo, limepoa.

Fundi alisimama mlangoni mwa chumba cha pasi, bisibisi mkononi. "Nilitaka umwone," akasema.

"Najua. Sauti ilikuwa safi, hata mimi nilidanganyika." Shangazi alikunja shati la mtu, akalikunjua, akalikunja tena. "Ungekuwa umeshakaa na mimi Jumapili moja tu, ungejua kwamba hawaitwi. Na mimi sikukwambia twende hata siku moja. Watu walidhani unanikimbia, nikawaacha wadhani. Nilipenda kuwa peke yangu."

Fundi alitia bisibisi mfukoni. Aliuliza kama Jumapili ijayo watakwenda kuangalia ndege wengine, wowote wale.

"Njoo," Shangazi akasema. "Ila kaa kulia kwangu. Huko utaangalia wewe, uniambie umeona nini."